Beki Tatu wa Singida: Mkubwa Kwenye Kazi, Mtoto Kwenye Mshahara

Andika tu kwenye grupu lolote la WhatsApp la Dar kwamba unatafuta dada wa kazi, halafu kaa usome majibu. "Chukua wa Singida, watulivu hao." "Wa Iringa wachapakazi balaa." "Usichukue aliyekaa mjini, ameshaerevuka huyo." Mabinti wanachambuliwa kama kuku wa kienyeji, na kwa bahati mbaya Singida inasifika kwa vyote viwili. Anayeuliza binti ana miaka mingapi ni mmoja mmoja sana.

Sasa chukua nyumba moja ya Tabata au Mbagala yenye mabinti wawili wa miaka 16. Mmoja ni mtoto wa nyumba, yuko kidato cha pili. Mwingine ameshuka juzi tu kwenye basi la kutoka Singida.

Wa kwanza akinuna, mama anasema "barehe hiyo inamsumbua, mwacheni". Akivunja sahani ni bahati mbaya. Akiachwa peke yake na jiko la gesi, nyumba nzima inaingiwa wasiwasi. Wa pili akinuna ana kiburi, akivunja sahani inakatwa kwenye mshahara. Na huyo huyo anaachiwa mtoto wa miezi minne kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku, kwa sababu "ni mtu mzima yule, kwao wanalea tangu wadogo".

Tarehe ya mshahara ikifika, mambo yanageuka. Ghafla anakuwa mtoto. "Hela zote hizo atapeleka wapi? Acha nimtunzie."

Umri mmoja, nyumba moja, hukumu mbili. Hapo ndo utajua kwamba maneno mengi ya watu kuhusu "vijana wa barehe" hayahusu umri. Yanahusu huyo kijana ni mtoto wa nani. Na mchezo huu wa kumpandisha mtu utu uzima na kumshusha utoto kulingana na faida una historia ndefu kuliko Bongo Muvi zote.

BARABARA NI ILE ILE

Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, kisha ikaingia pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo leo liko upande wa Manyoni, mkoa wa Singida. Waliobeba mizigo wengi walikuwa Wanyamwezi, na kwao kulikuwa na msemo wa mtaani wa enzi hizo: kijana ambaye hajafika pwani bado si mwanaume. Yaani jamii ilishaamua kijana ni nani, na kijana akalazimika kutembea miezi mpaka baharini kuthibitisha.

Wajerumani wakaja na reli. Ilianzia Dar mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Tabora 1912, ikikatiza Manyoni na Itigi. Wakaja pia na kodi, na kodi ilitaka pesa taslimu. Vijana wa mikoa ya kati wakaanza kutoka kutafuta vibarua mbali na kwao. Msafara, treni, na leo basi la kushukia Ubungo zamani na Mbezi sasa. Karibu kilomita 700, na kila zama anayesafiri ni yule yule: kijana wa familia isiyo na kitu.

"BOI" MWENYE MVI

Hili wengi hawalijui. Enzi za mkoloni kazi za ndani Tanganyika zilikuwa za wanaume. Kupika, kufua, kupiga pasi, kutandika kitanda cha mzungu, yote alifanya mwanaume, na aliitwa "boi". Angekuwa na miaka 45, wake wawili na wajukuu kijijini, bado ni "boi".

Neno hilo halikuwa la Tanganyika peke yake. Afrika Kusini lilikuwepo, na majimbo ya kusini mwa Marekani watu weusi wazima waliitwa hivyo hivyo. Ujanja wake ni mwepesi. Ukishamwita mtu mtoto, unapata ruhusa ya kumfokea, kumpangia saa ya kulala na kumlipa kama mtoto. Nani amlipe mtoto hela ya kulisha familia?

Mtafiti Janet Bujra alitoa kitabu mwaka 2000 kuhusu kazi hizi Tanzania, na moja ya mambo anayoonyesha ni jinsi kazi iliyokuwa ya wanaume ilivyogeuka kuwa ya wanawake. Boi akaondoka, akaja geli. Lakini angalia majina: hausiboi, hausigeli. Mtu kabadilika, utoto umebaki pale pale.

KWA NINI MABINTI?

Baada ya uhuru wanawake wengi wa mjini waliingia maofisini na kwenye biashara. Nani abaki na watoto? Azimio la Arusha la 1967 lilikemea unyonyaji, redio ikahubiri usawa, lakini jikoni hakuna aliyepeleka kipaza sauti. Miaka ya 80 hali ikawa ngumu, mishahara ikawa hainunui kitu, na kumlipa mwanaume mwenye familia ikawa mzigo. Binti wa kijijini alikuja na bei nyingine: sabuni, khanga, chakula, na ahadi ya kwamba "atapelekwa kujifunza cherehani".

Na mabinti walikuwepo. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi, na sheria ya elimu ya 1978 ikalifanya jambo hilo lazima. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba sekondari zilikuwa chache mno. Kila mwaka kundi kubwa la watoto wa miaka 14 na 15 lilimaliza la saba na kuambiwa "mmefeli", wakati ukweli ni kwamba viti havikuwepo.

Singida ni mkoa mkavu. Mvua ikigoma, mtama na alizeti vinagoma. Binti aliyebaki nyumbani alikuwa na njia tatu: jembe, ndoa, au "anti wa mjini" anayekuja Krismasi akiwa na soda na nguo za mitumba, akiondoka na msichana mmoja.

Na hiyo njia ya ndoa iliwekewa muhuri na sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia, wakati mvulana alitakiwa afike 18. Yaani hata kwenye karatasi za serikali binti wa 15 alikuwa mama mtarajiwa, na kaka yake wa 17 alikuwa bado mtoto. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba na kutoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu.

SIFA ILIYOGEUKA KAMBA

Turudi kwenye lile jibu la grupu: "wa Singida watulivu". Inasikika kama sifa, si ndiyo? Fikiria vizuri. Mtoto wa miaka 15, kilomita 700 kutoka kwao, hana nauli, simu anashikiwa na bosi, nyumbani alizoea kuongea Kinyaturu au Kinyiramba na hapa kila akifungua mdomo anachekwa lafudhi. Mtu yeyote angekuwa mtulivu. Mtoto wa Masaki ukimtupa Singida kwa masharti hayo hayo, atatulia kuliko maji ya Singidani alfajiri.

Shida ya sifa hii inaonekana siku binti akidai chake. Miezi mitatu hajalipwa, anauliza. Jibu halihusu hela kabisa: "Umeanza kuharibika wewe, mji umekuingia." Yaani akinyamaza ni wa Singida halisi, akiongea kaharibiwa. Sifa imeshakuwa kamba ya shingoni.

Filamu na vichekesho navyo vimechangia. Beki tatu ana sura zake: mshamba anayeogopa frijini, mtesaji wa watoto, na ile maarufu kuliko zote, mwizi wa mume wa bosi. Hiyo ya mwisho watu wanacheka sana, lakini ndiyo mbaya kuliko zote. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iko wazi: mwanaume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mkewe amebaka, binti awe alikubali au hakukubali. Mtaani hadithi inasimuliwa kinyume. Mwanaume wa miaka 40 "ametegwa", mtoto wa 16 "kamtega". Tumbo likionekana, begi linafungwa na nauli ya kwenda tu inatolewa.

Na huko anakorudi anakutana na hukumu ileile kwa jina lingine. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 rais wa wakati huo alitangaza hadharani kwamba hatarudi. Ni Novemba 2021 ndipo serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua kurudi kwenye shule za umma. Wasichana wangapi waliishia njiani kwa sababu watu wazima waliamini "huyo ameshaharibika"?

MTULIVU KAPOTELEA WAPI?

Kuanzia 2006 shule za kata zilijengwa kila kona ya nchi, na mwaka 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Binti anayepanda basi Singida leo mara nyingi amefika kidato cha nne, ana simu yake, na ana grupu la wenzake wanaoambiana nyumba ipi inalipa na ipi inatesa.

Na mabosi wanalalamika kweli kweli: "Mabeki tatu wa siku hizi hawana adabu." Kumbe ule utulivu haukuwa wa kabila wala wa mkoa. Ulikuwa wa kukosa nauli.

Mkoa wenyewe ulishakataa zamani hilo jina la wapole. Mo Dewji, tajiri anayejulikana Afrika nzima, amezaliwa Singida mwaka 1975. Tundu Lissu, mwanasiasa ambaye hajawahi kusingiziwa utulivu, ni wa Ikungi, huko huko. Lakini mwambie mtu wa Dar "binti wa Singida" uone picha gani inamjia kichwani.

KWA WALE WENYE DADA NYUMBANI

Mambo haya yapo kwenye sheria, si huruma ya mtu:

- Chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Chini ya 18 hapewi kazi ya hatari.
- Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu.
- Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na inalipwa.
- Kima cha chini kwa anayelala kwa bosi kilikuwa shilingi 40,000 mwaka 2013, kikapanda hadi 60,000 Januari 2023. Hicho kilikuwa cha chini cha wakati huo, na hakuna aliyelazimika kuishia hapo.
- Kuna chama chao cha wafanyakazi kinaitwa CHODAWU.

Elfu 60. Kuna watu wanamaliza hiyo kwa usiku mmoja wa Jumamosi, halafu Jumatatu asubuhi wanamwambia dada "mwezi huu tuvumiliane".

Kama binti wa miaka 16 ni mtoto, basi apumzike, asome na alindwe kama mtoto. Kama ni mtu mzima wa kuachiwa nyumba na kichanga, basi alipwe kama mtu mzima na hela ashike mwenyewe. Kuchagua vyote viwili kwa siku zinazokufaa ni ujanja wa yule mzungu aliyemwita babu yako "boi".

Haya mdau, komenti iko wazi. Kwenu dada ana miaka mingapi, na likizo alienda lini mara ya mwisho?