Chipukizi Halina Baba: Historia ya Vinasaba Ndani ya Kibanja cha Kagera

Mwaka 2006 migomba ya Muleba, mkoani Kagera, ilianza kunyauka ikiwa imesimama. Jani changa linageuka manjano, linalegea kama lililomwagiwa maji ya moto, kisha linavunjikia shingoni na kuning'inia. Mkungu nao unaiva kabla ya siku zake, na ukiipasua ndizi moja unakuta nyama ya ndani imekuwa na rangi ya kutu. Mwenye kibanja akilikata shina kwa panga, baada ya dakika chache utomvu wa manjano, mzito kama usaha, unachuruzika pale palipokatwa. Wataalamu waliuita ugonjwa huo mnyauko bakteria. Wananchi wakauita unyanjano.

Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuripotiwa Tanzania. Ulikuwa umeelezwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye enseti, mmea ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, halafu mashariki ya Kongo na Rwanda, hadi ukafika Kagera. Na ulipofika haukubagua. Nshakala ilianguka, nchoncho ikaanguka, nyoya ikaanguka. Kwa Mhaya hizo ni ndizi tofauti, kila moja na ladha yake, umbo la mkungu wake na mgeni anayestahili kupikiwa. Kwa kimelea cha mnyauko zote zilikuwa mgomba mmoja.

Kimelea hakikukosea. Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma mamia ya miaka, kwenye chipukizi.

Urithi wa namna mbili

Katika Bukoba na Muleba, neno urithi huanzia kwenye kibanja. Ni shamba linaloizunguka nyumba, migomba na mibuni imechanganyika, maharage yamejipenyeza chini yake, na mara nyingi makaburi ya wazee yamo humo humo. Baba humwachia mwanawe kibanja, naye humwachia wake. Lakini ndani ya urithi huo wa ardhi kuna urithi mwingine unaopitia kwenye ncha ya panga.

Mkulima anayetaka shina jipya la nshakala hatafuti mbegu. Anainama kwenye shina lililomridhisha kwa mikungu yake na kuchagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Analitenga na tunguu la mama yake, analimenya mizizi na maganda ya nje ili asihamishe fukusi, kisha analifukia kwenye shimo lenye samadi. Chipukizi hilo halina baba. Hakuna chavua iliyohusika wala ua lililochavushwa. Ni kipande cha mama kilichopewa shimo lake.

Wahenga wa Kiswahili walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kwa mgomba, msemo huo ni kweli tupu. Kila seli ya kiumbe hai imebeba vinasaba, yaani uzi mrefu mno ulioandikwa maelekezo ya mwili mzima kwa herufi nne tu za kikemia: A, T, G na C. Kipande cha uzi huo chenye agizo moja, kwa mfano la kutengeneza protini fulani, ndicho jeni. Uzi wenyewe umekunjwa na kufungwa katika mafungu yanayoitwa kromosomu. Chipukizi hupokea kutoka kwa mama yake nakala ya uzi wote, bila kuchanganyiwa na wa mwingine.

Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyechapisha kanuni za urithi mwaka 1866, alizipata kwa kuchavusha njegere na kuhesabu watoto wao kizazi baada ya kizazi. Angekuwa na kibanja cha Bukoba badala ya bustani ya njegere, angehesabu mpaka azeeke asione kitu. Kanuni zake zinahitaji baba na mama. Hata baada ya James Watson na Francis Crick kueleza umbo la vinasaba mwaka 1953, wakisaidiwa na picha za mionzi kutoka maabara ya Rosalind Franklin, mgomba ulibaki mwanafunzi mgumu kwa wazalishaji wa mbegu.

Ugumu wake ni wa hesabu. Mgomba mwitu una kromosomu 22, yaani seti mbili za 11, moja ya baba na moja ya mama. Ukifika wakati wa kutengeneza chavua au yai, kila kromosomu hujipanga na mwenzake, kisha wanaachana, huyu huku na yule kule. Ndizi za kupika za Kagera, ambazo masoko ya Dar es Salaam huziita ndizi Bukoba, zina kromosomu 33. Seti tatu hazigawanyiki kwa mbili. Kila mara kuna anayebaki bila mwenzi, mgawanyo unavurugika, na mbegu hazitungwi. Tunda linajaa lenyewe bila kuchavushwa. Ndiyo maana unaweza kula sahani nzima ya ndizi na maharage usiume hata punje moja.

Mama mmoja

Migomba ya kuliwa ilianzia Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya jirani, na karibu yote ina damu ya moja au zote mbili kati ya aina mbili za migomba mwitu. Mwaka 1955 wanasayansi Norman Simmonds na Kenneth Shepherd walipendekeza kuipanga kwa herufi mbili: A kwa Musa acuminata na B kwa Musa balbisiana. Kwa mpango huo ndizi ya kupika ya Kagera ni AAA. Kainja, mgomba wa pombe, ni ABB. Kisubi ni AB.

Katika nyanda za Maziwa Makuu kundi hilo la AAA lilistawi kuliko popote duniani, na watu walilipa majina kwa mamia. Mwaka 1998 mtafiti wa Uganda, Deborah Karamura, alizipanga aina 84 katika koo tano kwa kutazama umbo la mikungu, majani na maua. Ilikuwa kazi ya jicho, ileile ambayo bibi wa Kihaya huifanya akipita shambani kwa jirani.

Kisha ikaja kazi ya maabara. Mwaka 2016 Mary Kitavi na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya ndizi hizo. Walikuta kwamba zote zimetokana na mgomba mmoja wa kale. Tofauti tunazoziona, yaani shina jekundu hapa, ndizi fupi pale, uchungu unaoifanya hii iwe ya pombe na ile ya chakula, ni mabadiliko madogo yaliyojitokeza yenyewe katika chipukizi hili au lile. Mkulima mwenye jicho kali aliliona, akalipenda, akalitenga, akalipa jina.

Hapo ndipo sifa ya wazee wa Kagera ilipo, na udhaifu wa kazi yao pia. Kwa jicho na panga tu walitengeneza utajiri wa ladha kutoka kwa mama mmoja. Lakini kinga dhidi ya ugonjwa mpya haichaguliwi kwa jicho kabla ugonjwa haujafika. Kama mama hakuwa nayo, hakuna mtoto aliyeirithi.

Miche iliyokuja kwa chupa

Dalili za udhaifu huo zilionekana kabla ya mnyauko. Kufikia miaka ya 1990 vibanja vingi vilikuwa vimechoka: rutuba imepungua, fukusi wanatoboa matunguu, minyoo inakula mizizi, na ugonjwa wa Sigatoka nyeusi unakausha majani. Mwaka 1997 mradi wa maendeleo ya jamii wa Kagera, KCDP, uliofadhiliwa na Ubelgiji, ulianza kuleta migomba mipya. Miche ilitoka Chuo Kikuu cha Leuven, ambako hazina ya dunia ya migomba imehifadhiwa katika mirija ya kioo. Huko kipande kidogo cha ncha ya chipukizi hukuzwa kwenye chupa safi isiyo na kimelea, hugawanyika, hukatwa tena, na ncha moja huzaa mamia ya miche.

Maarufu zaidi zilikuwa za FHIA, taasisi ya utafiti ya Honduras. FHIA-17 na FHIA-23 zilipatikana kwa kuchavusha, na kila moja ina kromosomu 44, seti nne kamili. Hadi miaka ya mwanzo ya 2000, kiasi cha machipukizi milioni 2.5 ya aina mpya yalikuwa yamesambazwa mkoani. Mikungu yake iliwashangaza watu, kwani mingine ilipita kilo 50, na wauzaji na wapika pombe waliifurahia. Jikoni ikawa habari nyingine. Ukiipika na kuifunika kwa jani, haikulainika kama nshakala wala haikunukia kama nyoya. Wengi waliipa nafasi pembeni ya kibanja, ya zamani ikabaki karibu na nyumba. Watafiti wakaelewa kwamba Kagera haikuhitaji ndizi kubwa tu. Ilihitaji kitoke, ndizi yake ya kupika.

Kumtafutia kitoke baba

Kazi ya kukitafutia kitoke baba ilikuwa imeanza Uganda katikati ya miaka ya 1990, ikifanywa na taasisi ya taifa ya NARO yenye kituo chake Kawanda, pamoja na taasisi ya kimataifa ya IITA. Waligundua kwamba baadhi ya ndizi za kupika si tasa kabisa. Ukizichavusha kwa subira, mkungu mmoja huweza kutoa mbegu moja mbili, au usitoe kitu. Baba aliyechaguliwa alikuwa mgomba mwitu uitwao Calcutta 4, wenye vindizi vidogo vilivyojaa mbegu ngumu, lakini unaostahimili Sigatoka nyeusi.

Fikiria kazi yenyewe. Mfanyakazi anapanda ngazi asubuhi na mapema, anafungua ua jike kabla wadudu hawajalifikia, analipaka chavua, analifunga kwa mfuko. Miezi inapita. Ndizi zikiiva zinapondwa na kuchujwa kusaka mbegu. Mbegu ikipatikana haitupwi udongoni, maana mara nyingi haioti. Hupasuliwa maabara, kiini chake kikatolewa na kulelewa kwenye chupa. Mtoto wa kwanza huwa na kromosomu 44. Huyo huchavushwa tena na mgomba wenye 22, na mjukuu hurudi kwenye 33, hesabu ya bibi yake.

Wajukuu hao waliitwa NARITA, kwa kuunganisha majina ya NARO na IITA. Walijaribiwa Kagera pia, katika kituo cha Maruku kilichoko Bukoba Vijijini, ambacho sasa ni cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne kati yao kwa jina la TARIBAN 1 hadi 4. Baada ya mamia ya miaka ya machipukizi, kitoke kilikuwa kimepata baba.

Jeni la pilipili hoho

Hata hivyo, lengo la kwanza la uzalishaji huo lilikuwa mavuno na Sigatoka nyeusi. Dhidi ya mnyauko, kinga ya uhakika iliyojulikana ilikuwa ndani ya Musa balbisiana mwitu, na kuichota kwa kuchavusha kungechukua miongo. Leena Tripathi wa IITA na wenzake wakatafuta njia ya mkato katika pilipili hoho.

Hoho ina jeni mbili, Hrap na Pflp, zinazoharakisha kinga ya kikatili: seli zilizo jirani na kimelea hujiua, nacho kikabaki katikati ya wafu bila pa kupita. Ili kuzihamisha, watafiti walimtumia bakteria wa udongo ambaye kwa asili yake hupachika kipande cha vinasaba vyake ndani ya mmea. Walikitoa kipande chake, wakaweka cha hoho. Huo ndio uhandisi jeni: unahamisha agizo moja lililochaguliwa, na uzi uliobaki unabaki wa kitoke. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2010, majaribio ya shambani yakafanyika Kawanda ndani ya uzio, na ripoti ya mwaka 2014 ilionyesha migomba iliyoukataa mnyauko kabisa.

Migomba hiyo haijafika vibanjani. Mwaka 2017 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa usalama wa bioteknolojia, Rais Museveni akakataa kuutia saini. Tanzania ilikuwa na kanuni zake tangu 2009, na mwaka 2016 ilipanda mahindi ya majaribio Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 wizara ya kilimo ikaamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Hoja za pande zote zinajulikana: nani atamiliki mbegu, nani atalipa madhara yakitokea, na je, mbegu za asili zitachafuliwa? Kwa mgomba hoja ya mwisho ina uzito mdogo, kwani mmea usiotoa mbegu hausambazi jeni kwa upepo. Lakini hoja ya umiliki inauma zaidi hapa, mahali ambapo chipukizi huombwa kwa jirani.

Wakati mabunge yakijadili, Kagera iliushusha mnyauko kwa mikono. Kwanza kwa kung'oa shina zima na watoto wake, baadaye kwa kukata kila shina lililougua mara tu linapoonekana, na kwa kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine. Kubwa kuliko yote ni kuondoa ua dume, lile rungu la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Wadudu hulifuata na kuacha bakteria pale vikonyo vinapodondoka. Haliondolewi kwa panga. Mkulima huchukua mti mrefu wenye panda, hulinasa, hulizungusha, nalo huanguka chini.

Kwa vizazi vingi ua hilo halikuwa na kazi kibanjani, ndiyo maana linavunjwa bila majuto. Kawanda, ua la namna hiyo kwenye mgomba mwitu ndilo lililotoa chavua iliyozaa TARIBAN. Na TARIBAN yenyewe, kwa kuwa ilirudi kwenye kromosomu 33, haitoi mbegu. Mkulima wa Muleba akiipenda hana haja ya ngazi wala chupa. Ataichagulia chipukizi lenye majani kama upanga, atalimenya, atalifukia penye samadi, kama alivyoona baba yake akifanya.