Skrini nyeusi baada ya apdeti ya Linux: usikimbilie kupiga fomati!

Leo naweka somo la kompyuta, maana yalinikuta mwenyewe na nusura yaniharibie jina mtaani.

Nasaidia kazi kwenye steshenari moja yenye kompyuta tano, zote zina Linux Mint. Bosi alichoshwa na virusi vya kwenye flashi za wateja ndio tukahamia huko. Sasa Ijumaa moja asubuhi nawasha mashine kubwa, ile yenye skana na kadi ya NVIDIA. Nembo ikatokea, halafu giza totoro. Kijistari kinapepesa juu kushoto, basi. Jana yake jioni nilikubali apdeti zote bila kusoma hata moja.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na skani za vyeti na fomu za watu 11 waliokuwa wanaomba mkopo wa chuo, na maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyo hiyo saa sita usiku. Dada mmoja alishakaa kwenye benchi tangu saa mbili, karatasi zake zenyewe ziko kwa mjomba wake Kilosa. Fundi wa jirani akaja, akaangalia dakika moja, akasema: "Dogo, hiyo imekufa. Piga fomati uweke Windows." Nikamwambia, "Kaka, nipe nusu saa kwanza."

Hiyo nusu saa ndiyo somo lenyewe.

KWANZA ELEWA HILI

Skrini nyeusi haimaanishi faili zimepotea. Draiva ni kama mkalimani kati ya keneli (moyo wa Linux) na kadi ya picha. Mkalimani asipofika kazini, picha haitoki, lakini diski iko salama na kila kitu kipo. Ukipiga fomati ndio unaviua kwa mkono wako.

Kwa nini NVIDIA inasumbua kuliko Intel na AMD? Draiva za Intel na AMD zinakuja ndani ya keneli yenyewe. Ile ya NVIDIA ya kiwandani inakaa nje, kwa hiyo kila keneli mpya ikiingia, moduli ya draiva lazima ijengwe upya ili ziendane. Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 2012 huko Finland, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliionyesha NVIDIA kidole cha kati mbele ya kamera. Mei 2022 kampuni ikatoa kodi ya moduli zake za keneli hadharani, ila kwa kadi za kisasa tu. Ipo pia draiva huru inaitwa nouveau, lakini ukiweka ile ya kiwandani, nouveau inafungiwa. Ndio maana ya kiwandani ikigoma unaweza kubaki gizani bila mkalimani hata mmoja.

HATUA ZA KUFUATA

1. Jaribu mlango wa nyuma. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Likija andiko la "login", mashine ni nzima, iliyougua ni picha tu. Andika jina lako na nywila (nywila haionekani ukiandika, usishtuke).

2. Rudi kwenye keneli ya zamani. Washa upya, shikilia Shift (kwenye mashine mpya bonyeza Esc mara moja moja) mpaka menyu ya GRUB itokee. Ingia "Advanced options", chagua keneli ya pili kutoka juu, ile yenye namba ndogo. Mimi nilifanya hivi tu, desktopu ikarudi kama hakuna kilichotokea! Kabla ya kugusa kitu kingine nikanakili faili za wateja wote kwenye flashi. Na wewe fanya hivyo.

3. Kama keneli ya zamani haipo, kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset, kisha F10. Picha itakuja mbovu mbovu lakini utaona unachofanya. Ni ya safari moja tu, ukiwasha tena inaondoka.

4. Tafuta mchawi. Fungua terminali, andika moja moja:

uname -r
dkms status
lspci -k | grep -A 3 -i vga
less /var/log/apt/history.log

Ya kwanza inakuambia uko keneli ipi. Ya pili inaonyesha moduli imejengwa kwa keneli zipi. Ya tatu inataja kadi na draiva inayotumika. Ya nne ni daftari la kila kilichoingia na kutoka, na tarehe yake.

Kwangu mimi dkms ilitaja keneli ya zamani tu. Mpya haimo. Nikasoma daftari, nikakuta aibu yangu: wiki mbili nyuma nilifuta vifurushi vya linux-headers ili kupata nafasi kwenye diski. Bila hivyo moduli haiwezi kujengwa. Kwa hiyo mchawi nilikuwa mimi.

5. Tibu. Kama tatizo ni kama langu:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-generic

Nikahakikisha namba ya vifurushi inafanana na ya keneli mpya, moduli ikajengwa yenyewe, nikawasha upya, mambo safi. Kama umeme au LUKU ilikata katikati ya apdeti, anza na hizi:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

Na kama draiva yenyewe ndiyo mbovu, ing'oe uweke inayopendekezwa:

sudo apt purge '^nvidia-.*'
ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install

Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali. Huna waya wa intaneti? Chomeka simu kwa USB uwashe kushea intaneti, mara nyingi inakubali hapo hapo.

MITEGO MIWILI

Kadi za kizamani. Mashine nyingi za mtumba zina kadi ambazo draiva mpya imeshaziacha. Kwa GeForce za kizazi cha Fermi (nyingi za namba 400 na 500) draiva ya mwisho ni toleo la 390, na kwa Kepler (nyingi za 600 na 700) ni la 470. Ukilazimisha toleo jipya zaidi, kadi haitambuliwi. Hapo ni bora nouveau na amani yako.

Secure Boot. Ikiwa imewashwa, keneli inakataa moduli isiyo na sahihi. Angalia kwa mokutil --sb-state. Wakati wa kuweka draiva utaombwa nywila, halafu ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu yenye "Enroll MOK". Wengi wanaipita kwa haraka, kisha wanalalamika draiva haifanyi kazi.

KINGA

Usiapdeti jioni wakati kesho kuna kazi ya watu. Usifute keneli ya zamani mpaka mpya ifanye kazi siku kadhaa. Washa Timeshift, imo ndani ya Mint, inapiga picha ya mfumo ili uweze kurudi nyuma. Ila faili zako binafsi kwa kawaida haizihifadhi, hizo nakili mwenyewe.

Turudi kwenye ile Ijumaa. Yule dada alituma maombi yake saa nne na nusu asubuhi, na kufikia saa tisa alasiri wote 11 walishamaliza. Bosi hakunipongeza. Alibandika karatasi ukutani: HAKUNA APDETI SIKU ZA KAZI. Fundi naye jioni akarudi kimya kimya na laptopu ya mteja wake, skrini nyeusi. "Dogo, hebu nionyeshe ile ya Shift."

Ukikwama, tupia swali hapo chini, ila taja kadi yako na majibu ya uname -r. Ukisema tu "haiwaki" hatutakusaidia. Tuko pamoja.