Mwenyeji wa Kudumu

Kirusi kipya cha korona kinapozuka, watu huuliza kimetoka kwa mnyama gani, na jibu lolote litakalopatikana huitwa “chanzo”. Neno hilo limebebeshwa maswali mawili: mgonjwa ameambukizwa na nani, na kirusi huishi wapi wakati hakuna binadamu anayeumwa. Mnyama wa swali la pili napendekeza aitwe mwenyeji wa kudumu, yaani yule ambaye kirusi huzunguka ndani ya jamii yake mwaka hadi mwaka bila kutegemea wanyama wengine. Kuyachanganya maswali hayo kuna gharama. SARS, ugonjwa wa kirusi cha korona, ilizuka Guangdong, China, mwishoni mwa 2002. Mwaka uliofuata kirusi chake kikapatikana kwa fungo waliouzwa sokoni, na Januari 2004 serikali ikaamuru maelfu ya fungo wauawe. Kumbe fungo wa sokoni wengi walikuwa na kingamwili, ilhali wa kwenye mashamba ya ufugaji ni wachache mno waliokuwa nazo: walikuwa wakiambukizwa njiani na sokoni. Mwaka 2005 virusi vya ukoo huo vikagunduliwa kwa popo.

Wapo wanaopendelea “hifadhi”, lakini Mtanzania akilisikia huwaza Serengeti. Wengine watasema mwenyeji humkaribisha mgeni kwa hiari. Ni kweli, ila mwenyeji pia ni mkazi wa mahali, na konokono wa kichocho ameshazoeleka kuitwa mwenyeji wa kati. Pingamizi zito ni la “kudumu”: je, kama mnyama huyo naye aliambukizwa zamani na mwingine? Hapo MERS, ugonjwa mwingine wa kirusi cha korona uliotambuliwa Saudi Arabia mwaka 2012, inasaidia. Ngamia 50 wa Oman walipopimwa, wote walikutwa na kingamwili. Na damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1980 ilikuwa nazo vilevile. Huenda mababu wa kirusi hicho walitoka kwa popo, lakini leo kinajitosheleza kwa ngamia. Basi popo tumwite asili, na ngamia awe chanzo na mwenyeji wa kudumu kwa pamoja. Kwa COVID-19, kirusi cha popo wa Laos kinachofanana na cha binadamu kwa takribani asilimia 96.8 kinatuelekeza kwenye asili tu. Hakitaji mnyama aliyemwambukiza mtu wa kwanza.