Damu ya Watu wa Ziwa na Watafiti wa Kupita

Kabla Homa Bay na Migori hazijawa kaunti mbili, zilikuwa sehemu ya wilaya moja ya Nyanza Kusini, ambayo serikali ya kikoloni iliiita Kavirondo Kusini. Na katika nchi hiyo, tangu Kendu Bay na Mbita kwenye ufuo wa ziwa mpaka Ndhiwa, Rongo na Muhuru iliyo karibu na mpaka wa Tanganyika, ilikuwa nadra kupata mji usioijua malaria. Hapakuwapo chuo cha sayansi wala maabara ya fahari, lakini damu ya watu wa ziwa iliingia katika sura mojawapo kubwa kabisa ya ilimu ya protini. Na walioiandika sura hiyo aghalabu walikuwa watafiti wa muda, yaani vijana waliokwisha kuhitimu au waliokaribia kuhitimu, wasio wanafunzi tena wala wahadhiri bado, wanaoishi kwa mkataba wa mwaka mmoja au mitatu katika maabara ya bwana mwingine, na ambao mkataba ukiisha hufunga mizigo yao, kazi iwe imekwisha au haijakwisha.

Wa kwanza kutajwa ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, angali akisomea udaktari Oxford, alifuatana na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya, akatumia fursa hiyo kukusanya damu za makabila mbalimbali ya nchi. Aliona jambo la ajabu: miongoni mwa watu wa pwani na wa ukanda wa Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walichukua asili ya selimundu, hali katika nyanda za juu zilizo baina yao hawakufika hata mmoja. Mtu akiirithi asili hiyo kwa mzazi mmoja huishi salama, lakini akiirithi kwa wazazi wawili hupata maradhi mazito, ambayo zamani yaliwaua watoto wengi kabla hawajabaleghe. Basi kwa nini balaa kama hiyo istawi pale pale penye mbu wengi? Allison alihisi kwamba malaria ndiyo iliyoihifadhi.

Ithibati aliitafuta mwaka 1953, na hapa ndipo Wajaluo walipoingia katika taarikhi bila majina yao. Wanaume 30 wa kabila hilo, waliokuwa wamekaa mbali na nchi za malaria kwa muda wa mwaka na nusu au zaidi, walitiwa kwa makusudi vimelea vya malaria: 15 walikuwa na asili ya selimundu, 15 hawakuwa nayo. Katika wale wasiokuwa nayo, 14 walionekana na vimelea katika damu. Katika wenye nayo, wawili tu. Kisha wakapewa dawa. Makala iliyochapishwa mwaka 1954 inawaita watu waliojitolea, wala sina sababu ya kulikanusha neno hilo, ila nasikitika kwa dhati kwamba katika kazi inayosomwa mpaka leo duniani kote hatuwezi kujua ni nani aliyetoka kando ya ziwa na nani bara, walielezwa nini kabla ya kunyoosha mikono yao, wala walirudi na nini makwao. Hadhi waliyostahili hawakupewa.

Mwaka ule ule wa 1949, Linus Pauling na wenzake huko California walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba himoglobini (protini ya damu) ya wagonjwa wa selimundu hutembea kwa namna yake katika mkondo wa umeme, nao wakayataja kuwa maradhi ya molekuli. Na Allison mwenyewe alipata baadaye kukaa kwa muda katika maabara ya Pauling. Lakini tafauti yenyewe ilikuwa ipi? Jawabu lilipatikana Cambridge kwa mkono wa Vernon Ingram, mkemia wa protini aliyekuwa amepita Rockefeller na Yale kabla ya kuingia katika maabara ya Cavendish kumsaidia Max Perutz. Himoglobini ya selimundu aliyoitumia ilikuwa imeachwa pale na Allison.

Kazi ya Ingram yafaa itazamwe kwa karibu, maana ni kazi ya mikono hasa. Aliikatakata himoglobini kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, akapata vipande vipatavyo 30. Akadondosha tone la mchanganyiko huo juu ya karatasi pana iliyolowa, akapitisha umeme upande mmoja, kisha akaacha kimiminika kipande polepole upande wa pili, na mwisho akanyunyiza ninhidrini, madoa ya zambarau yakajitokeza kila moja mahali pake. Alipolinganisha karatasi ya damu ya mtu asiyeugua na karatasi ya damu ya mgonjwa, madoa yote yalilingana isipokuwa moja lililosogea. Hilo lilitangazwa mwaka 1956, na mwaka uliofuata akabainisha kwamba asidi amino moja tu, glutamiki, imeondoka na valini imeshika nafasi yake, katika mnyororo wenye asidi amino 146. Mwaka 1958 Ingram akahamia Marekani.

Aliyetafakari sana juu ya upitaji huu wa watafiti alikuwa Profesa Thomas Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931 na kusomea wadudu Cambridge. Alipoanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, mjini Nairobi mwaka 1970, hakuwafukuza wageni, bali aliwapangia zamu: mabingwa kama Jerrold Meinwald na Koji Nakanishi waliongoza utafiti kwa kuja na kurudi, hali vijana wenye shahada za uzamivu wakikaa na kufanya kazi papa hapa. Tadbiri hiyo ilikuwa njema kwa kuwa ilihamisha makazi ya maabara yenyewe. Na mwaka 1983 ikaongezwa programu ya kuwafunza Waafrika uzamivu wa sayansi ya wadudu. Kituo kikubwa cha nyanjani kilijengwa Mbita, mkabala wa kisiwa cha Rusinga, nacho leo kina jina la Odhiambo.

Matunda ya mambo haya hayajali tarehe za mikataba. Ilikuwa mwaka 2002 ndipo hesabu za watoto wa Asembo, ng'ambo ya ghuba ukitazama kutoka Homa Bay, zilipodhihirisha kwamba asili ya selimundu huwaokoa wachanga wengi na mauti: miaka 53 baada ya msafara wa Allison. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo ndani yake mna kipande cha protini ya kimelea cha malaria, ilianza kubuniwa mwaka 1987, na Kenya ikaizindua Ndhiwa tarehe 13 Septemba 2019, Migori ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoipokea. Mwaka 2020 watafiti wa ICIPE wakatangaza kwamba mbu wa kandokando ya ziwa, wakiwamo wa Mbita, hubeba kiumbe kidogo, Microsporidia MB, kinachowazuia kueneza malaria.

Kwa hiyo mtafiti wa muda anayefika Mbita leo na mkataba wake wa miaka miwili, awe ametoka Nagasaki au Nyatike, huendeleza kazi iliyoanzwa na wengine na kuwaachia wengine waimalize. Na maoni yangu ni kwamba mkataba huo ungerefushwa, na jina la kila anayetoa damu au kulea mbu likaandikwa, kwa ridhaa yake, katika daftari lisilosafiri na mgeni.