Jinsi ya kurekebisha fomu ya maulizo katika tovuti ya biashara Pwani Kusini

FOMU ya maulizo ni kile kipande cha ukurasa wa tovuti ambamo mteja huandika jina lake, anwani ya barua pepe na swali lake, kisha akabonyeza kitufe cha kutuma. Kwa mwenye nyumba ya wageni Diani, nahodha wa mashua Shimoni au kikundi kinachotembeza wageni katika mikoko ya Gazi, kipande hicho ndicho mlango wa duka. Wengi wanaokipitia hawajawahi kuikanyaga Kwale, wala hawatapiga simu. Wakiuliza wasijibiwe, au wakijibiwa kwa maswali mengine matano, huenda zao kwenye tovuti kubwa za kimataifa za kukodisha vyumba. Hizo nazo hujikatia kamisheni, na fedha ambazo zingebaki Ukunda zikaishia ng'ambo.

Ni wafanyabiashara wachache wadogo wanaojiundia fomu tangu mwanzo. Wengi huchukua kipande cha msimbo kutoka kwa kampuni inayotoa huduma hiyo, Google ikiwa mojawapo, wakakipachika katika ukurasa wao. Jambo lenyewe si geni, kwani visanduku vya kujaza vimo katika kanuni za lugha ya HTML tangu mwaka wa 1995. Taabu ni kwamba fomu ya kupachika huja kama nguo ya kukodi: imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kabla ya kuanza kurekebisha, sharti ujue fomu yako imepachikwa kwa njia gani. Njia ya kwanza ni ya dirisha. Fomu hukaa katika seva ya kampuni iliyoitengeneza, na ukurasa wako huwa umefunguliwa dirisha tu la kuitazamia. Rangi, maandishi na maswali hubadilishwa kwa kuingia katika akaunti yako kwenye kampuni hiyo. Ukihangaika kuyabadilisha kutoka katika tovuti yako utachoka bure, kwa sababu vivinjari huzuia ukurasa mmoja kuingilia yaliyomo katika ukurasa wa mwingine, na huo ni ulinzi wa makusudi. Unachomiliki ni upana na kimo cha dirisha. Upana uandike kwa asilimia 100 badala ya idadi maalumu ya nukta, la sivyo mwenye simu ya mkono ataona nusu ya fomu. Kimo nacho kitoshe fomu nzima, ili mteja asiburure ukurasa ndani ya ukurasa.

Njia ya pili ni ile ambayo visanduku huwa sehemu ya ukurasa wenyewe. Hapo kila kitu chaweza kubadilishwa, lakini kupokea ujumbe na kuchuja barua taka ni mzigo wako. Kwa biashara isiyo na fundi wa kudumu, mimi ningependelea dirisha.

Maswali ndiyo kiini cha kazi hii. Uliza lile litakalokuwezesha kutaja bei katika jibu la kwanza, na lisilokusaidia hivyo liondoe. Chukua mfano wa mwenye mashua apelekaye wageni Wasini na katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hutofautiana baina ya raia, mkazi na mgeni wa nje, na baina ya mtu mzima na mtoto. Fomu isiyouliza mambo hayo haiwezi kuzaa bei. Wala haimhitaji mgeni aandike insha. Orodha ya kuchagua yatosha. Mwenye mashua huyo aongeze pia kisanduku cha tarehe mbadala, kwani bahari ya msimu wa kusi haina adabu, na safari nzuri hutegemea maji kujaa na kupwa.

Tarehe yenyewe ina mtego wake. Akiandika 04/07, Mkenya anakusudia tarehe nne Julai, ilhali Mmarekani anakusudia tarehe saba Aprili. Weka kalenda ya kubonyeza, au mwezi uandikwe kwa jina. Saa ni mtego mkubwa zaidi, na huu hakuna kampuni ya ng'ambo itakayekutahadharisha juu yake. Mgeni kutoka Mombasa akijaza kwamba atawasili "saa 2", anamaanisha kile ambacho Mjerumani angeandika 8.00, na dereva aliyeandikwa na Mwitaliano huenda akafika uwanja wa ndege wa Ukunda saa sita kabla au baada ya ndege. Dawa ni orodha inayotaja saa kwa namna zote mbili: "8.00, yaani saa mbili asubuhi".

Papo hapo muulize msafiri anakuja kwa njia gani. Atuaye Ukunda yu karibu na hoteli za Diani. Ashukaye uwanja wa Moi, Mombasa, au katika kituo cha reli cha Miritini, ambacho treni ya abiria ya reli mpya inakitumia tangu mwaka wa 2017, anahitaji gari, ama kupitia kivuko cha Likoni ama kupitia barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri. Gharama ya usafiri huo si moja.

Chunguza pia visanduku vilivyolazimishwa. Fomu zilizotungwa kwa ajili ya Marekani hudai jimbo na msimbo wa posta wa nyumba, na hukataa nambari ya simu inayoanza kwa +254. Huku kwetu msimbo ni wa ofisi ya posta, 80400 kwa Ukunda na 80404 kwa Msambweni, na mtu anaweza kuishi miaka mingi asiujue. Acha jina, anwani ya barua pepe na tarehe ndizo ziwe za lazima. Simu iwe ya hiari, na ipokee alama ya kujumlisha.

Fomu nzuri isiyosomwa ni debe tupu. Katika fomu za Google, majibu hukusanyika katika akaunti yako kimyakimya. Hutapata taarifa ya barua pepe mpaka uiwashe mwenyewe kwenye sehemu ya majibu. Nimewahi kungoja siku tisa jibu la nyumba moja ya wageni Pwani, na aliyeniomba radhi baadaye alikuwa mtu mwungwana: maulizo ya miezi mitatu yalikuwa yamelala humo, naye hakujua kuwa kuna mahali pa kuyatazama.

Kwa fomu iliyo sehemu ya tovuti yako, kosa la kawaida ni kuifanya itume barua kana kwamba imetoka kwa mteja. Seva za barua pepe huona kuwa mtumaji si mwenye anwani, zikaitupa miongoni mwa barua taka. Barua itoke katika anwani ya tovuti yako, na anwani ya mteja iwekwe mahali pa kujibia. Ili kuwazuia watumaji wa barua taka, kisanduku kilichofichwa ambacho binadamu hakioni, lakini programu zao hukijaza, hakimsumbui mteja kama mafumbo ya picha yanavyomsumbua.

Ujumbe unaotokea baada ya kutuma nao ubadilishwe. Badala ya kumwambia mteja kwamba majibu yamehifadhiwa, mwambie atajibiwa lini, na nambari ipi apige akiwa na haraka.

Sheria nayo imo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka akusanyaye habari za mtu amweleze kwanza anazikusanyia nini. Ukitaka kumtumia mteja matangazo, omba idhini katika kisanduku cha peke yake ambacho atakitia alama kwa mkono wake; kilichokwisha kutiwa alama si idhini. Faini ya Kamishna wa Data yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea ipi iliyo ndogo. Na wenye nyumba za wageni wasijifiche nyuma ya udogo wao: kanuni za 2021 huwasamehe usajili wenye mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, lakini biashara za ukarimu zimo katika orodha ya zinazopaswa kujisajili hata hivyo. Waongozaji watalii ndio walioachwa nje.

Marekebisho yakiisha, ijaze fomu mwenyewe kwa simu, ukitumia data badala ya mtandao wa ofisini, na anwani ya barua pepe isiyo ya biashara. Kisha mwachie anayeshughulikia maulizo, bila kumtahadharisha, uone jibu litachukua muda gani.