Mng'aro wa Bakuli, Ushahidi wa Kigae

Mwanzoni mwa karne ya 19, wafinyanzi wa Staffordshire na Sunderland, nchini Uingereza, walivivika vyombo vya udongo utando mwembamba wa madini. Dhahabu ilitoa rangi ya waridi juu ya udongo mweupe, na ya shaba juu ya udongo mwekundu. Platinamu ikaiga fedha. Mitungi ya Sunderland ilipambwa kwa merikebu na beti za kumuaga baharia. Leo wakusanyaji huitafuta kwa hamu. Hata hivyo, asili ya ufundi huo ni Iraki, ambako katika karne ya 9 wafinyanzi walitumia fedha na shaba ndani ya tanuri lililonyimwa hewa.

Mwambao wa Kilwa nao una historia yake ya kukusanya vyombo ving'aavyo. Wenyeji wake waliyapachika mabakuli ya ng'ambo katika dari za Songo Mnara na za msikiti mdogo wa kuba wa Kilwa Kisiwani. Upande wa kaskazini, nyumba za mawe za Pate na Lamu zilikuwa na vidaka vya kupangia sahani, na utenzi wa Al-Inkishafi unavitaja vidaka hivyo kuwa ni dalili ya neema iliyotoweka. Chombo kilikuwa pambo, na kilikuwa pia tamko la mwenye nyumba juu ya bahari aliyofanya nayo biashara.

Neville Chittick alichimbua Kilwa katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 akachapisha matokeo yake. Hapo kigae kilifanya kazi ya karani. Bakuli la Kichina ambalo wakati wake wajulikana, likikutwa limefukiwa chini ya sakafu isiyovurugwa, huthibitisha kwamba sakafu ile haikujengwa kabla yake. Kigae hichohicho kikiokotwa na kutiwa mfukoni, hubaki kizuri lakini huwa bubu.

Tena, vigae vingi mno vya miji hiyo ni vya vyungu vya kienyeji, visivyo na mng'aro wowote. Anayetafuta kinachometa tu atapita Rutamba, bara ya Lindi penye ziwa, aseme hapana historia. Kumbe chungu kilichopikiwa na mtungi uliotekewa maji vina habari za watu ambao bakuli la Kichina halikuwafikia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua bila kibali. Lakini sheria haiwezi kurudisha bakuli lililobanduliwa ukutani. Linabaki shimo la mviringo, na kila alitazamaye hujua kipimo cha kilichoondoka, asijue kilitoka tanuri gani. Mkusanyaji amepata sahani. Mji umepoteza shahidi.