Sita kwa Sita: Kipimo Kilichozaliwa Utrecht

Ukitoka kwa daktari wa macho na karatasi iliyoandikwa 6/6, usiisome kama alama za mtihani. Namba ya juu ni umbali uliokaa kutoka kwenye chati, yaani mita 6. Ya chini ni umbali ambao jicho la kawaida lingeweza kuisoma herufi ileile. Kwa hiyo mwenye 6/60 anaona akiwa mita 6 kile ambacho wengine wanakiona wakiwa mita 60. Wala 6/6 si kilele: vijana wengi wenye macho mazima hufika 6/5, hata 6/4.

Kabla ya namba hizi, kila daktari alipima kwa namna yake. Heinrich Küchler, Mjerumani wa Darmstadt, alikata picha za mizinga, ndege, ngamia na vyura kwenye kalenda na magazeti, akazibandika kuanzia kubwa hadi ndogo. Mwaka 1843 alikuja na chati za herufi. Alitengeneza tatu, maana wagonjwa walikuwa wakikariri. Kazi yake haikuenea.

Iliyoenea ni ya Eduard Jaeger wa Vienna, aliyetoa mwaka 1854 vipande vya maandishi ya kusoma. Ukubwa wake aliupa namba kwa kufuata orodha ya herufi za kiwanda cha uchapaji cha serikali. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Wachapaji wa miji mingine walikuwa na herufi zao, wakachapa kwa walichonacho, na namba moja ikawa na ukubwa tofauti kila ilipokwenda. Mgonjwa angeweza "kupona" kwa kuvuka mpaka tu.

Herman Snellen wa Utrecht, Uholanzi, aliyefanya kazi na daktari wa macho Franciscus Donders, hakutaka kutegemea mchapaji. Alishika pembe. Digrii moja ina dakika 60; herufi yake, ikitazamwa kutoka umbali wake, inajaza dakika 5, na unene wa kila mstari ni dakika 1. Kwa mita 6, herufi hiyo ina urefu wa karibu milimita 9, iwe imechapwa London au Mombasa. Mwanzoni alijaribu alama zisizo herufi, lakini wagonjwa walitatizika kuzieleza. Herufi ina jina, na mtu akiitaja amekwisha kujibu. Chati ilitoka mwaka 1862. Kwanza alihesabu kwa futi, baadaye akahamia mita. Wamarekani wakabaki na futi zao, ndiyo maana husema 20/20.

Chati yenyewe ina kasoro. Mstari wa juu una herufi moja, wa chini una nyingi, na L husomeka kwa urahisi kuliko B. Mwaka 1976 Ian Bailey na Jan Lovie, wakiwa Melbourne, waliunda chati yenye herufi tano kila mstari. Watafiti wengi wameikubali. Kliniki nyingi bado zimetundika ya Snellen.

Hata sheria zimejengwa juu ya namba hizi. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), kipofu ni yule ambaye jicho lake bora halifiki 3/60. Sheria ya Marekani inaanzia 20/200, sawa na 6/60. Mwenye 4/60, basi, ni kipofu kule, ilhali kwa WHO ana uoni hafifu sana tu.

Kwa asiyejua kusoma, hutumika E inayogeuzwa pande nne, naye huonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. E hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye simu na kikosi cha daktari wa macho Andrew Bastawrous, kikaijaribu Nakuru, Kenya, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2015, yakakaribiana na ya chati ya ukutani. Baadaye, huko Trans Nzoia, walimu walipima kwa njia hiyo maelfu ya wanafunzi, na wazazi wa waliokutwa na tatizo wakatumiwa ujumbe wa simu. Waliofika hospitali walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa shule zilizopima kwa kadi na kutoa barua.